Kutoka Sapouy hadi Arusha: kisa cha gazeti moja la Burkina Faso

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinahusu gazeti la kila wiki la Ouagadougou liitwalo L'Indépendant, mwanzilishi wake, Norbert Zongo, aliyeuawa karibu na Sapouy mwaka 1998, na mlolongo wa uchunguzi, maandamano na kesi uliofuata mpaka ukafika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nimekichagua kwa sababu mwandishi wa habari, mwanasheria na mtetezi wa haki kila mmoja ana la kujifunza ndani yake, na kwa sababu hukumu iliyokipa uzito mkubwa kuliko zote ilitolewa na mahakama yenye makao yake Arusha, ilhali wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi karibu kabisa na mahakama hiyo hawajawahi kusimuliwa habari zake.

Yote yanayoelezwa hapa yamo katika kumbukumbu za hadhara. Viongozi wa nchi na mwandishi mwenyewe nimewataja kwa majina. Majina ya dereva ambaye kifo chake ndicho chanzo cha mambo, ya watu watatu waliouawa pamoja na mwandishi, ya ndugu zao na ya askari waliotajwa au kuhukumiwa nimeyaondoa, kwa kuwa kisa kinaeleweka bila hayo na familia zao zimekwisha kubeba vya kutosha.

Usuli

Burkina Faso, iliyokuwa ikiitwa Volta ya Juu hadi Agosti 1984, ilikuwa chini ya Blaise Compaoré tangu tarehe 15 Oktoba 1987, siku alipouawa Rais Thomas Sankara, mtangulizi wake. Katiba ya Juni 1991 ilirudisha vyama vingi na uhuru wa kuchapisha, na magazeti binafsi yakachipuka haraka. Hata kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa imeonja gharama ya kuwa na gazeti lisilo la serikali. L'Observateur, lililoanzishwa mwaka 1973, lilichomewa jengo lake Juni 1984 na likanyamaza kwa miaka kadhaa, hadi liliporejea mwaka 1991 kwa jina la L'Observateur Paalga, neno la mwisho likiwa na maana ya «jipya» katika lugha ya Kimoore. Serikali nayo ilikuwa na gazeti lake la kila siku tangu 1984, Sidwaya, yaani «ukweli umekuja».

Magazeti hayo yaliandikwa kwa Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi, katika nchi ambayo wengi hawakuwa wanaisoma. Mtu angeweza kudhani kwamba gazeti la namna hiyo ni mali ya wasomi wachache wa mji mkuu, lakini habari nzito haikukaa kwenye karatasi. Ilisomwa na mmoja, ikasimuliwa kwa wengine kwa Kimoore au Kijula, na kufika jioni ilikuwa inajadiliwa na watu ambao hawajawahi kulishika gazeti lenyewe. Bila kulielewa hilo, hatuwezi kueleza kwa nini mhariri wa gazeti dogo la kila wiki alizikwa na umati ambao mji ule haukuwa umezoea kuuona.

Norbert Zongo alizaliwa Koudougou mwaka 1949. Alisomea uandishi wa habari Lomé na Yaoundé, akafungwa kwa muda mwaka 1981 kwa sababu ya maandishi yake, kisha akafanya kazi katika vyombo vya serikali kabla ya kuvipa kisogo. L'Indépendant alilianzisha Juni 1993, akawa anaandika kwa jina la bandia la Henri Sebgo, ingawa hakuna msomaji aliyekuwa hajui ni nani. Lilikuwa gazeti la uchunguzi: fedha za umma, mashirika yaliyobinafsishwa, mapato ya dhahabu, wakubwa na jamaa zao.

Ipo pia hali ya kisiasa ya miaka hiyo, ambayo itatufaa mwishoni. Januari 1997 ibara ya 37 ya Katiba ilibadilishwa na kikomo cha vipindi vya urais kikaondolewa. Tarehe 15 Novemba 1998 Compaoré alichaguliwa tena kwa kishindo, vyama vikubwa vya upinzani vikiwa vimesusia.

Yaliyotokea

Mwishoni mwa mwaka 1997 dereva wa François Compaoré, mdogo wake Rais, alishukiwa kuiba fedha nyumbani kwa mwajiri wake. Hakupelekwa polisi. Aliangukia mikononi mwa askari wa kikosi cha ulinzi wa Rais, akateswa, na tarehe 18 Januari 1998 akafariki katika zahanati ya Ikulu.

L'Indépendant lililichukua jambo hilo na halikuliachia kwa karibu mwaka mzima. Toleo baada ya toleo lilirudi kwenye maswali yale yale: dereva alikufaje, kwa nini mtuhumiwa wa wizi alishikiliwa na walinzi wa Rais badala ya polisi, mwili uko wapi, na kwa nini anayetakiwa na hakimu haitikii wito. Zongo alitishwa, na vitisho hivyo akaviandika gazetini wazi, badala ya kuviweka moyoni au kuvinong'oneza kwa marafiki.

Jumapili ya tarehe 13 Desemba 1998, chini ya mwezi mmoja baada ya uchaguzi, alikuwa safarini kuelekea kwenye ranchi yake ya wanyamapori, pamoja na mdogo wake na watu wengine wawili. Karibu na Sapouy, yapata kilomita 100 kusini mwa mji mkuu, gari lao lilikutwa likiwa limepigwa risasi na kuteketea, wote wanne wakiwa wamekufa.

Mazishi yalifanyika siku tatu baadaye katika makaburi ya Gounghin, Ouagadougou. Maelfu kwa maelfu walifuata majeneza. Wanafunzi waliingia barabarani, Koudougou kwao marehemu hasira iligeuka moto, na vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, mashirika ya haki za binadamu na vyama vya waandishi vikaungana kuwa umoja mmoja uliojulikana kwa kifupi kama Collectif, ukiongozwa na Halidou Ouédraogo wa shirika la haki za binadamu la MBDHP. Kauli yao ilikuwa fupi, «Trop c'est trop», yaani yamezidi.

Serikali iliunda tume huru ya uchunguzi mwezi huohuo. Collectif ilikataa muundo wake wa kwanza, na serikali ikalazimika kuubadilisha Januari 1999 ili wawakilishi wa waandishi na wa mashirika ya haki wapate nafasi ya kweli. Ripoti ilitoka tarehe 7 Mei 1999. Tume ilisema kwamba Zongo aliuawa kwa sababu za kisiasa, kutokana na kazi yake, na hasa kutokana na uchunguzi wake juu ya kifo cha dereva. Iliwataja askari sita wa kikosi cha ulinzi wa Rais. Haikuwaita wahalifu, kwa kuwa haikuwa na ushahidi wa kutosha kusema hivyo. Iliwaita washukiwa wazito. Naisifu tume kwa kujizuia huko. Ilisema kila ilichoweza kukithibitisha na ikasimama hapo, na ndiyo maana ripoti yake bado inanukuliwa robo karne baadaye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda njia mbili. Kesi ya dereva ilihamishiwa mahakama ya kijeshi. Mashtaka yaliyokuwa yamefunguliwa Januari 1999 dhidi ya ndugu wa Rais hayakuendelea huko, na Agosti 2000 askari watatu wakahukumiwa kwa kifo cha dereva, wawili miaka 20 na mmoja miaka 10. Kesi ya Sapouy ilikabidhiwa kwa hakimu mpelelezi. Kati ya washukiwa sita, mmoja tu ndiye aliyefunguliwa mashtaka, mwaka 2001, naye alikuwa miongoni mwa wale watatu wa kesi ya dereva. Julai 2006 mashtaka yake yalifutwa, na mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Alifariki Desemba 2009.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa gazeti ulikuwa kukichukua kifo cha mtu wa kawaida kuwa suala la taifa. Dereva huyo hakuwa na cheo wala chama nyuma yake, na gazeti lingeweza kuandika aya nne na kuendelea na habari nyingine. Zongo aliona kwamba swali la nani ana haki ya kumkamata raia ndilo swali la utawala wote: ikiwa walinzi wa Rais wanaweza kumchukua mtumishi wa nyumbani na asirudi, basi polisi, mwendesha mashtaka na hakimu ni mapambo. Hoja hiyo ndiyo iliyomfanya asiichoke habari hata ilipokosa jipya.

Uamuzi wa pili, uliotokana na wa kwanza, ulikuwa kurudia. Mafunzo ya kawaida ya chumba cha habari humwambia mwandishi atafute kipya, na habari isiyo na kipya huwekwa kando. L'Indépendant lilifanya kinyume. Lilipokosa jibu, lilichapisha kukosekana kwa jibu. Faida ya mwenendo huo ilionekana siku Zongo alipouawa, kwa sababu hapakuwa na haja ya mtu yeyote kuanza kujiuliza alikuwa akichunguza nini. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kulisikia swali lake mara nyingi kiasi cha kuweza kulikariri.

Uamuzi wa tatu, wa kuchapisha vitisho, unahitaji kupimwa kwa makini zaidi, kwa maana waandishi wengi hudhani kwamba kutangaza vitisho ni kinga. Kwa kiasi fulani ni kinga, kwa kuwa anayetisha hujua kwamba macho yako juu yake. Lakini hapa kinga hiyo haikuzuia risasi. Kilichopatikana ni kitu kingine: vitisho vilivyoandikwa viliacha kumbukumbu, na kumbukumbu ikaipa tume mahali pa kuanzia.

Kwa upande wa Collectif, uamuzi mkubwa ulikuwa kutokubali tume ya kwanza. Wapo waliohofu kwamba kukataa kungemaanisha kukosa tume kabisa. Kama wangeingia kwa masharti ya serikali, ripoti ya Mei 1999 ingeandikwa na watu ambao umma hauwaamini, na ingesahauliwa kabla ya mvua za mwaka huo kwisha.

Serikali nayo iliamua. Iliunda baraza la wazee wa busara mwaka 1999, na kutokana na shinikizo la mitaani, Aprili 2000 kikomo cha vipindi viwili vya urais kikarudishwa katika Katiba. Tarehe 30 Machi 2001 ikaandaa siku ya taifa ya msamaha, ambapo Rais aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa makosa yaliyotendwa na serikali tangu uhuru. Collectif haikuungana na sherehe hiyo. Madai yao yalikuwa kwamba msamaha huja baada ya ukweli na haki, na mtu hawezi kuombwa kusamehe bila kuambiwa amsamehe nani, kwa kosa gani. Naona walikuwa sahihi. Siku ile ilizichukua familia ambazo mafaili yao yalikuwa bado mezani kwa hakimu, ikaziweka katika kundi moja na maumivu yote ya miaka 40, na kwa kufanya hivyo ikataka kuyageuza mauaji yenye watuhumiwa kuwa huzuni isiyo na mwenyewe.

Njia ya Arusha

Kesi ilipofutwa mwaka 2006, familia zilikuwa na uchaguzi mgumu. Zingeweza kukata rufaa ya mwisho katika mahakama ya juu ya nchi yao, au kutafuta mlango wa nje. Mlango wa nje ulikuwepo kwa sababu ya jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau: tarehe 28 Julai 1998, miezi minne na nusu kabla ya mauaji, Burkina Faso ilikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu raia na mashirika kuishtaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika, wakati ambapo mahakama yenyewe ilikuwa haijaanza. Itifaki iliyoiunda ilianza kutumika tarehe 25 Januari 2004.

Maombi ya familia na ya MBDHP yana tarehe ya 11 Desemba 2011, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya mwaka wa 13. Serikali iliweka mapingamizi. Ilisema kwamba mauaji yalitokea kabla ya Itifaki kuanza kutumika, kwamba waombaji hawakumaliza ngazi zote za mahakama za ndani, na kwamba walichelewa.

Tarehe 21 Juni 2013 Mahakama ilitoa uamuzi juu ya mapingamizi hayo, na hapa ndipo mwanasheria anapaswa kusoma polepole. Mahakama ilikubali kwamba haina mamlaka juu ya tendo la kuua, kwa kuwa tendo hilo lilianza na kwisha siku moja ya Desemba 1998. Hivyo haki ya kuishi, iliyo kiini cha kisa kizima, ilibaki nje ya kesi. Lakini wajibu wa dola wa kuwatafuta, kuwashtaki na kuwahukumu wauaji haukuisha siku ile. Uliendelea kuvunjwa mwaka baada ya mwaka, hata baada ya 2004, na juu ya huo Mahakama ilikuwa na mamlaka. Tofauti kati ya tendo la mara moja na uvunjaji unaoendelea ndiyo iliyoifungua kesi.

Hukumu ya msingi ilitolewa tarehe 28 Machi 2014. Mahakama ilipima mwenendo wa mamlaka za Burkina Faso hatua kwa hatua: miaka karibu minane tangu mauaji hadi kufutwa kwa mashtaka, njia nyingine za upelelezi ambazo hazikufuatiliwa, na kuchelewa kuzisikiliza familia. Ikaona kwamba dola haikufanya kazi hiyo kwa bidii iliyopaswa, na kwa hiyo ilikiuka ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, inayohusu haki ya kusikilizwa. Ikaenda mbele zaidi na kusema kwamba ibara ya 9, inayolinda uhuru wa kujieleza, ilivunjwa pia, ikisomwa pamoja na mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi, ECOWAS, unaozitaka nchi wanachama kuheshimu haki za waandishi wa habari. Muuaji asiyetafutwa huwatia hofu waandishi wote waliobaki, na hofu hiyo ni tendo la dola.

Uamuzi wa fidia ulifuata tarehe 5 Juni 2015. Kila mwenzi wa marehemu alipewa faranga za CFA milioni 25, kila mtoto milioni 15, kila mzazi milioni 10, na dola ikaamriwa kuchapisha hukumu na kuanza upya upelelezi. Shirika la MBDHP, ambalo lilikuwa limeibeba kesi tangu siku za Collectif, lilipewa faranga moja. Faranga hiyo moja, iliyoombwa kama ishara na kutolewa kama ishara, ndiyo mstari ninaoupenda kuliko yote katika uamuzi ule, kwa sababu inaonyesha bila maneno mengi kwamba waliosimama mbele ya majaji hawakufuata fedha.

Matokeo

Miezi saba baada ya hukumu ya msingi, mambo yalibadilika nchini. Compaoré alitaka ibara ya 37 ibadilishwe tena ili agombee. Tarehe 30 Oktoba 2014 waandamanaji walilivamia na kulichoma Bunge la Taifa, na kesho yake Rais akajiuzulu na kukimbilia Kodivaa. Faili la Sapouy lilifunguliwa tena Machi 2015. Kikosi cha ulinzi wa Rais kilijaribu kupindua serikali ya mpito Septemba mwaka huohuo, kikashindwa, kikavunjwa. Desemba 2015 askari watatu wa zamani wa kikosi hicho walifunguliwa mashtaka.

François Compaoré, ambaye siku zote amekana kuhusika kwa namna yoyote, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Roissy, Paris, tarehe 29 Oktoba 2017 kwa waranti wa Burkina Faso. Mahakama za Ufaransa zilikubali arudishwe, serikali ya Ufaransa ikatia saini amri Februari 2020, na baraza lake la juu la sheria za utawala likaidhinisha mwaka 2021. Wakati huohuo Burkina Faso ilipata mapinduzi mawili ya kijeshi, Januari na Septemba 2022. Tarehe 7 Septemba 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba ahadi za usalama wake zilizotolewa na serikali iliyopinduliwa haziwezi kutegemewa bila kuchunguzwa upya, na Desemba mwaka huo Ufaransa ikaiondoa amri yake. Robo karne ilikuwa imetimia bila mtu yeyote kuhukumiwa kwa mauaji ya Sapouy.

Uchambuzi: yaliyofaulu

Jambo lililofaulu kuliko yote ni uthabiti wa swali. Magazeti mengi hufanya uchunguzi mzuri kwa wiki mbili, yakapata sifa, yakahama. L'Indépendant lilikaa na faili moja kwa karibu miezi kumi na moja, na matokeo yake ni kwamba wauaji walimwondoa mwulizaji lakini swali likabaki mikononi mwa watu wengi mno. Gazeti lenyewe pia halikufa. Liliendelea kutoka chini ya uongozi mwingine, jambo linaloonyesha kwamba Zongo aliacha chumba cha habari chenye watu.

La pili ni mnyororo kati ya gazeti na Katiba. Kikomo cha vipindi kilichorudishwa Aprili 2000 kilitokana moja kwa moja na hasira ya Sapouy. Ni kweli kwamba mwaka 2005 Baraza la Katiba lilisema kikomo hicho hakihesabu miaka iliyopita, na Compaoré akagombea tena mwaka 2005 na 2010. Lakini kikomo kilibaki kwenye karatasi kikisubiri, na kilipofikiwa mwaka 2014, jaribio la kukiondoa ndilo lililowatoa watu nje. Hakuna aliyeweza kuyapanga hayo mwaka 1998. Hata hivyo, bila ibara ile iliyopatikana kwa damu ya watu wa Sapouy, Rais hangekuwa na haja ya kuomba chochote Oktoba 2014.

La tatu ni subira ya kisheria. Familia na MBDHP zilitunza kila tarehe, kila wito, kila ukimya wa hakimu. Kesi ya kutowajibika kwa dola hushinda kwa kalenda kuliko kwa ufasaha, na waliokwenda mbele ya Mahakama walikuwa na kalenda.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Ulinzi wa mtu ulishindikana. Mwandishi aliyetishwa hadharani alisafiri kwa gari lake mwenyewe, kwa barabara inayofahamika, kuelekea mahali ambapo kila mtu alijua huenda. Silisemi hili kumlaumu marehemu, kwani lawama ya mauaji ni ya wauaji. Nalisema kwa wahariri walio hai: chumba cha habari kinachokubali kuchapisha vitisho dhidi ya mmoja wao kinapaswa wiki hiyohiyo kukaa na kupanga safari zake, nakala za nyaraka zake ziko wapi, na nani mwingine anajua vyanzo vyake.

Mgawanyo wa mafaili pia ulidhuru. Kesi ya dereva ilikwenda mahakama ya kijeshi na ya Sapouy kwa hakimu wa kiraia, ilhali tume ilikuwa imesema wazi kwamba ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Hapakuwa tena na mahakama iliyotazama picha nzima. Kisha muda ukafanya kazi yake: mshukiwa pekee aliyeshtakiwa alikufa, na ushahidi ukachakaa. Mahakama ya Arusha ilipoamuru upelelezi uanze upya, ilikuwa inaamuru jambo ambalo kwa sehemu halikuwezekana tena.

Wanasheria wa nchi zetu wana sababu ya kulitazama tamko la Julai 1998 kwa jicho la karibu. Tanzania, mwenyeji wa Mahakama, ilitoa tamko kama hilo mwaka 2010 na kuliondoa Novemba 2019. Familia zilizopigania kisa hiki zilipita katika mlango ambao nchi yao iliufungua kabla ya mtu yeyote kujua ni nani angeuhitaji.

Limebaki suala la sheria ya kashfa. Desemba 2014 Mahakama ileile iliamua kesi nyingine kutoka Burkina Faso, ya mhariri wa gazeti la kila wiki aliyefungwa miezi 12 kwa kuandika juu ya mwendesha mashtaka, ikasema kwamba kifungo kwa kosa la kashfa hakipatani na Mkataba wa Afrika. Hukumu hiyo ilisafiri. Mahakama Kuu ya Kenya iliitumia Februari 2017 ilipokifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Burkina Faso nayo ilibadilisha sheria yake ya vyombo vya habari Septemba 2015 na kuondoa kifungo kwa kashfa.

Ushindi huo ni wa kweli, lakini una mpaka ambao kisa hiki kinauonyesha wazi. Machi 2025 viongozi wa chama cha waandishi wa habari cha Burkina Faso walikamatwa, siku chache baada ya kulalamikia hali ya uhuru wa habari katika mkutano wa chama chao, na mapema Aprili wakaonekana kwenye video wakiwa wamevaa sare za jeshi. Kifungu cha kashfa hakikuhitajika. Ilitosha amri ya Aprili 2023 ya kuwaita raia vitani, na swali lililoulizwa na L'Indépendant mwaka 1998, la nani ana haki ya kumchukua raia na kwa utaratibu gani, likawa limerudi mahali pake pa kwanza.